Na Wengine wa Kisauni

Nimekuja na robo ya unga wa ngano,
mswaki mkuukuu, na chupa ya maji.
Jiwe la Yeremia Songoro, babake Nyanya,
limeota kuvu, herufi zimezama.
Napaka unga, napangusa kwa kiganja,
na maneno yanapanda moja moja, meupe:
AMELALA. Halafu 1931. Halafu, chini kabisa,
NA MKEWE
na baada ya hapo jiwe tupu.

Shubiri mbili. Nimepima.
Fundi alipalainisha, akapaacha,
akalipwa kwa herufi ambazo hakuzichonga.
Na Persisi alikuwa ameshaondoka
miaka kumi na sita.
Yeremia alimwekea nafasi vivyo hivyo,
kama mtu anayefunika sahani ya chakula
akijua fika mlango hautabishwa.

Nyumbani jibu lilikuwa fupi: Persisi alikwenda.
Alikwenda wapi, Nyanya?
Chuja hilo tui.

Nyanya Dorkasi alipokufa tukafungua mkebe wa biskuti:
risiti za sadaka, vifungo, jino la mtoto,
na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nane,
mikunjo imekula nusu ya maneno.
Tanzia. Mwaka 1958.

*Bi Mwanasiti binti Abdalla,
muuza mofa wa Mwembe Tayari,
amefariki Jumatatu, akazikwa Kikowani alasiri.
Ameacha watoto, Omari na Mwanaidi,
na wengine wa Kisauni.*

Na wengine wa Kisauni.
Nyanya yangu, aliyeimba sauti ya pili kanisani miaka arobaini,
na kaka yake Eliudi, karani wa bandarini:
hao ndio wengine.
Gazeti lilitoza kwa neno. Kuna mtu,
Omari labda, simjui hata sura,
alihesabu senti zake pale dirishani
akaongeza maneno manne.
Na Nyanya aliyasoma. Akakunja. Akakunja tena.
Daraja la Nyali siku zile lilitaka ushuru;
sijui kama alifika hadi pale, akarudi.

Kikowani nilimkuta Lali anafagia,
kijana wa fulana ya timu, simu sikioni.
Elfu tisa mia hamsini na nane?
Dada, huku mawe si wasemaji.
Akanionyesha kwa ufagio: toka mrehani ule
mpaka ukutani, ni wa miaka hiyo.
Nikamuuliza, Abdalla huyu alikuwa nani?
Akacheka, lakini si kwa ubaya.
Abdalla ni baba wa kila aliyekuja bila baba.

Basi nikasimama na chenji ya unga mfukoni,
sina pa kuipaka.
Songoro liliandikwa na karani wa misheni
siku meli iliposhusha watoto.
Persisi lilitoka kwenye Waraka kwa Warumi.
Mwanasiti alijipa mwenyewe, nadhani, na nadhani alilipenda.
Lakini lile la kwanza, aliloitwa na mamake
akiwa bado hajaiona bahari,
halimo kanisani, halimo gazetini,
na Lali hawezi kulifagia likatokea.

Majengo kuna fundi wa mawe, Kitsao,
anatoza kwa herufi.
Amekuja Kisauni, amelipapasa jiwe kama daktari,
akauliza: hapa mbele ya MKEWE tuandike lipi?
Nilikuwa nimelala macho siku tatu na swali hilo.
Nikamwambia, andika:
NA WENGINE WA KIKOWANI.

Akahesabu kwa kidole. Kumi na tisa.
Akanitazama, akatazama unga kwenye kanga yangu,
akasema nukta ya mwisho
hatanitoza.